Kopo, Mwanzi na Mshipi: Ala za Muziki za Kutengeneza na Watoto Juba

Machi 2024 serikali ya Sudan Kusini iliamuru shule zote zifungwe kwa sababu ya joto lililotabiriwa kufikia nyuzi 45, na wazazi wakaonywa wasiwaache watoto kucheza nje. Februari 2025 amri hiyo ikarudi, safari hii baada ya wanafunzi kuzirai mjini Juba. Watoto wakabaki nyumbani, chini ya mwarobaini au ndani ya vyumba vya mabati, na akina mama na mashangazi wakahangaika kutafuta la kuwashughulisha. Simu ilifaa mpaka chaji ikaisha.

Ipo kazi inayoweza kumshika mtoto wa miaka mitatu hadi minane asubuhi nzima bila umeme wala bando: kutengeneza ala ya muziki pamoja na mtu mzima, kisha kuipiga. Kwa malighafi, Juba haina shida. Chupa za maji zimejaa kwenye mitaro. Makopo ya mafuta ya kupikia hayakosekani sokoni Konyo Konyo. Tyubu zilizochoka zimerundikana kwa mafundi wa boda boda, na mianzi ya kujengea nyumba na nyua inauzwa kwa mafungu. Kilichobaki ni kisu, msumari, nyundo, mkasi na subira ya mzazi.

Ushauri wa kwanza utawashangaza walimu wengi wa chekechea: rangi na karatasi za kumeremeta zije mwisho kabisa, au zisije. Mtoto haipimi ala kwa macho. Kayamba lililopakwa rangi tano na lisilo na sauti hutupwa kabla ya magharibi, lakini debe bovu lenye mlio mzuri hugombaniwa hadi mtu alie. Kwa hiyo, kabla ya kukata chochote, tandika mkeka na uweke vitu sita au saba vya nyumbani: kifuniko cha sufuria, chupa tupu, kopo, kipande cha mwanzi, jerikeni, kijiko cha mbao. Mpe mtoto kijiti agonge kimoja baada ya kingine, na aseme kipi kinalia muda mrefu na kipi kinakufa mara moja. Kisha chukua kile kifuniko cha sufuria. Kishike ukingo kwa kiganja na ukigonge, halafu kining'inize kwa uzi na ukigonge tena. Mara ya kwanza kinatoa mlio mkavu, mara ya pili kinaimba. Chuma kilichobanwa hakiwezi kutetemeka, na kisichotetemeka hakilii. Mtoto wa miaka minne hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo, na karibu kila kosa katika kazi zinazofuata litasahihishwa kwa kukumbuka jambo hilo moja.

Kabla ya mkono kugusa kopo, kuna onyo ambalo miongozo ya nchi nyingine hailihitaji. Juba ilikuwa ngome ya jeshi la serikali katika vita vya 1983 hadi 2005, na mabomu ya ardhini yalitegwa kuuzunguka mji. Mapigano ya Desemba 2013 na Julai 2016 yakaacha mabaki mengine. Wateguaji wa mabomu wa Umoja wa Mataifa wamefanya kazi nchini kwa miaka zaidi ya ishirini na bado hawajamaliza. Kwa sababu hiyo mtoto asitumwe kamwe kuokota vyuma vya kutengenezea chochote. Vyuma vya kazi hii vitoke jikoni, dukani au kwa fundi anayefahamika, na mtoto aambiwe waziwazi kwamba chuma asichokijua hakiguswi, hakipigwi teke, hakiletwi nyumbani. Makopo yaliyokuwa na dawa ya wadudu, rangi au maji ya betri nayo yaachwe, hata yakioshwa mara kumi.

Chupa za kutikisa ndizo mwanzo mzuri kwa walio wadogo kabisa. Chupa ya maji ya nusu lita, iliyokauka vizuri ndani, hutiwa mbegu kiasi cha moja ya tano tu. Hapa wengi hukosea kwa ukarimu. Chupa iliyojazwa nusu haina nafasi ya mbegu kuruka, na sauti yake huwa nzito na ya kuchosha. Kila kitu kina sauti yake. Ufuta hushuka kwa mnong'ono, mtama hutoa sauti ya mvua juu ya makuti, mahindi makavu hugonga kwa ukali, na kokoto za mtoni hulia kwa fujo inayowafurahisha wavulana na kuwaudhi majirani. Jaza chupa nne tofauti, zifunike kwa kitambaa, na mtoto akisie iliyomo kwa kusikia tu. Mchezo huo peke yake huchukua nusu saa.

Familia nyingi hazitapenda kuona nafaka ikichezewa, na katika nchi ambako watu wengi wanaishi kwa chakula cha msaada, wana haki. Mbegu za ukwaju zinafaa kuliko nafaka. Ni ngumu, na baada ya kukamua juisi hakuna anayezitaka. Zioshe, zianike siku mbili, basi. Mbegu mbili zisitumiwe hata kama ni nzuri kwa sauti: mbarika, na zile nyekundu ndogo zenye doa jeusi ambazo hutiwa kwenye makayamba ya watu wazima sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Zote mbili zina sumu kali zikitafunwa. Kwa watoto chini ya miaka mitatu, chochote kidogo kinachoweza kuingia kooni kisiachwe wazi. Kifuniko cha chupa kipakwe gundi ya kuzibia pancha kwenye nyuzi zake, kikazwe, kisha kizungushiwe utepe. Chupa ikipasuka, itupwe siku hiyohiyo.

Kayamba lenyewe, lile la bapa la pwani ya Kenya, ni safu mbili za mabua membamba zilizofungwa pamoja na mbegu zikiwa katikati. Hushikwa kwa mikono miwili na kulazwa huku na huku. Kando ya Mto Naili matete yapo, lakini kuyafunga ni kazi ya vidole vikubwa. Njia rahisi ni kukata vipande viwili vya katoni vyenye ukubwa wa daftari, kubandika njiti za ufagio kwenye kimoja kwa kupishanapishana ili mbegu zisishuke moja kwa moja, kutia kiganja cha mbegu, na kufunga pande zote kwa utepe. Mtoto akiliinamisha polepole, mbegu hupita kati ya njiti kwa mchakacho mrefu. Akilitikisa kwa pigo la mkono, linakata vizuri kama la mabua.

Njuga ni rahisi zaidi. Vizibo vya soda hupondwa bapa kwa nyundo ili kingo zisikate ngozi, hutobolewa kwa msumari, na kutungwa kwenye kamba vikiwa viwiliviwili, mgongo kwa mgongo. Kamba moja kila kifundo cha mguu. Kuponda ni kazi ambayo mtoto wa miaka sita anaiweza, mradi mtu mzima ashike kizibo kwa koleo na si kwa vidole.

Kwenye ngoma, kopo la maziwa ya unga linatosha. Ondoa kifuniko, gonga kingo za ndani kwa nyundo mpaka zilale, na ukitaka mlio wazi zaidi toboa tundu la ukubwa wa kidole upande wa chini. Ngozi itatoka kwenye tyubu. Tyubu ya boda boda ikipasuliwa kwa urefu huenea kwenye kopo dogo, na kwa kopo kubwa au ndoo omba tyubu ya gari. Ioshe kwa sabuni kwanza, maana unga mweupe wa ndani huchafua kila kitu. Kata duara linalozidi mdomo wa kopo kwa vidole vinne kila upande. Kazi ya kuivuta inataka watu wawili: mmoja anavuta huku na huku akizunguka, mwingine anafunga kwa ukanda mrefu wa tyubu hiyohiyo, ule ambao kila mwenye boda boda hufungia mizigo. Mzunguko wa kwanza huwa legevu, wa tatu hukaza. Kama hakuna tyubu, utepe mpana wa kufungia maboksi hufaa: vuta vipande kwa mkazo kuvuka mdomo wa kopo, vipishane kama miale ya nyota, tabaka mbili au tatu. Haidumu, lakini mlio wake ni mkali na wa kupendeza.

Tengeneza mbili, ndogo na kubwa, badala ya moja nzuri. Ngoma za eneo hili kwa kawaida hupigwa kwa makundi, moja ikiuliza na nyingine ikijibu, na watoto wawili wenye ngoma mbili hutulia kuliko watoto wawili wenye ngoma moja. Mwonyeshe mtoto kwamba katikati ya ngozi hutoa sauti nzito na ukingoni hutoa nyembamba. Mwachie agundue mwenyewe kwamba akiegemeza kiwiko kwenye ngozi sauti inapanda.

Si kila ngoma ya Sudan Kusini ina ngozi. Wazande na majirani zao wa magharibi huchonga gogo likawa tupu ndani kupitia ufa mwembamba mgongoni, na kuta mbili za ufa huo, zikiwa na unene tofauti, hutoa sauti mbili. Kwa kuwa Kizande ni lugha ya toni, ambamo kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana ya neno, gogo hilo liliweza kutuma ujumbe kijiji hadi kijiji. Maarufu kuliko yote limechongwa kwa umbo la mnyama wa jamii ya nyati, lina urefu wa karibu mita 2.7, na lilichukuliwa na jeshi la jenerali Mwingereza Kitchener baada ya vita vya Omdurman mwaka 1898, likapelekwa kwa Malkia Victoria. Leo liko British Museum, London. Ndugu yake mdogo anaweza kutengenezwa uani. Chukua pingili moja ya mwanzi mnene, iliyofungwa na vifundo pande zote mbili, na mtu mzima akate ufa wa upana wa kidole kimoja, theluthi mbili ya urefu wa pingili. Kisha chonga mdomo mmoja wa ufa uwe mwembamba kuliko mwingine. Piga huku, piga huku: sauti mbili. Watoto wa nyumba yenye lugha ya toni wataanza kuigiza majina yao bila kufundishwa.

Sasa rababa, ambayo ndiyo kiini cha mwongozo huu.

Kando ya Naili, kuanzia Wanubi wa kaskazini hadi Washiluki, Wanuer na watu wengine wa Sudan Kusini, kuna jamii moja ya ala za nyuzi, rababa ikiwemo: kisanduku cha sauti, mikono miwili inayopanuka kwenda juu, mti unaovuka kuiunganisha, na nyuzi, kwa kawaida tano. Nyatiti ya Wajaluo wa Kenya, yenye nyuzi nane, ni ya ukoo huohuo. Kisanduku hapo zamani kilikuwa bakuli la mbao au kibuyu lenye ngozi, lakini vijana wa mijini na wa kambi za wakimbizi walishaona siku nyingi kwamba bakuli la bati au kopo la mafuta hufanya kazi hiyohiyo. Wala si hapa tu. Kinshasa, kijana wa mtaani Roger Landu alichukua kopo tupu, ufito uliopindwa na waya mmoja akatengeneza ala aliyoiita satongé, na kwa uzi huo mmoja akazunguka dunia na bendi ya Staff Benda Bilili, ambayo filamu yake ilionyeshwa Cannes mwaka 2010. Anayedhani kopo ni kichezeo cha mtoto asikilize muziki wa kijana huyo.

Kwa rababa ya nyumbani tafuta kopo la mafuta la lita nne, vijiti viwili vilivyonyooka vya urefu wa sentimita 60, kimoja cha sentimita 40, na mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki wa aina mbili au tatu za unene. Mtu mzima atoboe matundu mawili juu ya kopo, yakiwa mbalimbali, na mengine mawili chini, yakikaribiana. Mikono miwili hupita juu na kutokea chini kidogo, ikafanya umbo la V lililosimama. Kingo za matundu zipondwe na zizibwe kwa vipande vya tyubu, kwa usalama wa vidole na pia ili vijiti visigongegonge bati. Mti wa kuvuka hufungwa juu kwa kamba za tyubu, kukaza kweli, maana nyuzi tano zikikazwa pamoja huvuta kwa nguvu kuliko inavyodhaniwa. Wakati mtu mzima anatoboa, mtoto apewe msasa alainishe vijiti. Ni kazi halisi, si ya kumpumbaza: kijiti chenye vibanzi kitamuumiza yeye.

Nyuzi hufungwa zote pamoja kwenye ncha za mikono zilizotokeza chini ya kopo, hupanda kwenye uso wa kopo, hupita juu ya daraja, na kufika kwenye mti wa juu. Daraja ni kijiti cha unene wa kidole kilicholazwa kwenye uso wa bati, chini ya katikati. Bila hicho nyuzi hugusa bati na kuzizima. Kikiwepo, hubeba mtetemo na kuutia ndani ya kopo. Jambo la kuvutia liko juu. Ala hizi kwa asili hazina vigingi vya kukazia. Kila uzi huzungushwa kwenye mti pamoja na ukanda wa kitambaa, na mpigaji akitaka kupandisha sauti huzungusha kitambaa hicho kwa kidole gumba, nacho hushika kwa msuguano. Khanga iliyochakaa inafaa, na ni vizuri kila uzi uwe na kitambaa cha rangi yake, kwa sababu mtoto wa miaka mitano atakumbuka uzi wa kijani kuliko uzi wa tatu.

Kuoanisha sauti kusitegemee simu. Mwambie mtoto aimbe wimbo anaoujua, wa kanisani, wa msikitini au wa kubembelezea mtoto, na uukaze uzi mnene hadi ulingane na noti ya chini ya wimbo. Endelea noti kwa noti. Nyimbo nyingi za jamii za eneo hili hutosheka na noti tano, hivyo nyuzi tano hazitapungukiwa. Siku ya kwanza nailoni italegea kila dakika kumi. Iache imekazwa usiku kucha; kesho yake itatulia.

Kupiga nako kuna siri inayowafaa watoto hasa. Wapigaji wa rababa hawachomoi uzi mmojammoja kama wapiga gitaa. Mkono wa kulia hukwangua nyuzi zote kwa pamoja kwa kipande cha ngozi, na vidole vya mkono wa kushoto, vikiwa nyuma ya nyuzi, huzizima zile zisizotakiwa. Mtoto mdogo akwangue, mtu mzima azime. Kwa njia hiyo hata wa miaka minne anapiga wimbo kamili siku ya kwanza, na mapigo yake huwa na mdundo badala ya kusitasita. Kipande cha chupa ya plastiki kilichokatwa mviringo hutosha badala ya ngozi.

Kwa wasiofika umri wa nyuzi, boksi la viatu lililotobolewa tundu na kuvalishwa mipira ya kufungia pesa hutoa ladha ya jambo lenyewe. Mipira hiyo si haba katika mji ambao mwenye kununua friji hubeba noti kwa mfuko. Ipange minene na myembamba, na utie penseli chini yake iwe daraja.

Marimba ya mbao huhitaji zaidi kidogo, na ni hapo hesabu inapoingia. Wazande wana marimba zao, na Waganda wana amadinda ya vibao 12 ambavyo hulazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba, bila kupigiliwa popote. Juba, waendee maseremala wanaofanya kazi na msaji, mti uliopandwa katika majimbo ya Ikweta tangu enzi za ukoloni, na uombe vipande vilivyobaki vyenye unene na upana mmoja. Msaji mkavu hulia vizuri. Mbao mbichi na za boksi za mizigo hazifai, na hakuna ufundi utakaoziokoa.

Kata vibao sita kwa vipimo hivi: sentimita 30, 28.3, 26.7, 24.5, 23.1 na 21.2. Hizo ni noti tano za kawaida na ya sita ambayo ni ile ya kwanza kwa sauti ya juu. Hesabu yake ni kwamba kibao kikipunguzwa nusu sauti haipandi mara mbili bali mara nne, ndiyo maana vipimo vinasogea kidogokidogo. Acha kila kimoja kirefu kwa milimita mbili na ukipunguze kwa msasa. Kikikatwa ncha sauti hupanda. Ukikichimba kidogo upande wa chini, katikati, sauti hushuka, kwa hiyo aliyekata kupita kiasi ana njia ya kurudi.

Mahali pa kuegemeza ndipo watu wengi huua marimba yao. Laza kibao juu ya vipande viwili vya sponji, nyunyiza chumvi juu, na umwambie mtoto agonge katikati taratibu, tena na tena. Chumvi itaruka na kukusanyika kwenye mistari miwili, kila mmoja ukiwa karibu mbili ya tisa ya urefu kutoka ncha. Kwa kibao cha sentimita 30 ni kama sentimita 6.7. Hapo mbao hazitetemeki, hapo ndipo pa kuegemeza. Mtoto aweke alama ya kalamu. Kisha panga vibao juu ya matambara mawili yaliyoviringishwa, yanayokaribiana kuelekea vibao vifupi, na kila alama ilale juu ya tambara. Fimbo za kupigia ziwe na ncha iliyozungushiwa ukanda wa tyubu. Mti mtupu hutoa kelele kuliko noti.

Ala za kupuliza zipitiwe haraka. Bua la jani la mpapai lina uwazi ndani, na likikatwa hutoa tarumbeta ya dakika tano, ila utomvu wake uoshwe kwanza kwa sababu huwasha midomo. Mrija wa soda uliobanwa ncha na kukatwa pande mbili hulia kama zumari, na kila ukifupishwa sauti hupanda. Chupa za kioo zenye maji ni kitendawili kizuri: ukipuliza mdomoni, maji yakiongezwa sauti hupanda, lakini ukigonga ubavuni kwa kijiko, maji yakiongezwa sauti hushuka. Mwache mtoto abishane nalo. Jambo moja halina mjadala: cha kupuliza ni cha mtoto mmoja tu. Oktoba 2024 nchi ilitangaza mlipuko wa kipindupindu, na filimbi ya kupokezana si jambo la kucheza nalo.

Ala zikishakuwa nne au tano, fundisha kunyamaza kwanza. Mkono ukiinuliwa wote wanasimama, na anayeendelea hukaa nje raundi moja. Baada ya hapo mdundo utoke kwenye majina ya mji wenyewe. Ngoma kubwa iseme Ka-tor, pigo mbili. Chupa ziseme Gu-de-le, tatu. Marimba iseme Ko-nyo-Ko-nyo, nne. Kila kundi likijua jina lake, waanze kundi moja baada ya jingine kwa muda uleule wa hatua moja ya mguu. Gudele ikikutana na Konyo Konyo kutatokea mvutano wa tatu dhidi ya nne, ule unaofanya ngoma za Afrika Mashariki zisiache miguu itulie. Watoto wadogo huupata kwa kusema majina kabla watu wazima hawajaupata kwa kuhesabu.

Muulize mzee aliye karibu kabla ya kuigiza ngoma ya kabila fulani. Kwa Waacholi, kwa mfano, zipo ngoma za kifalme ambazo zilikuwa za rwot, yaani mtawala wao, na hazikupigwa ovyo. Pakiwa na matanga mtaani, makopo yakae ndani siku hizo zote. Mtoto aelezwe sababu, ataelewa. Na kunapokuwa na tamasha katika Kituo cha Utamaduni cha Nyakuron, wapeleke wakaone mikono ya wanaojua. Mtoto aliyekwisha kukaza uzi mwenyewe hutazama vidole vya mpigaji, si mavazi yake.

Mianzi ianikwe kivulini na iepushwe na ardhi, kwa kuwa mchwa wa Juba hawachagui. Tyubu zipakwe unga wa ulanga zisishikane. Kama nafasi iliyopo ni ya Jumamosi moja na ala moja, basi acha marimba na ngoma, tengeneza rababa: inatoka kwenye kopo moja, inatosha mtoto na mtu mzima kwa wakati mmoja, na uzi ukikatika hubadilishwa kwa mshipi wa kuvulia uleule.